Siku Nane Bomet: Moto Uliolala Ndani ya Uyoga

Tulitoka Mombasa siku ya Jumanne, wanawake watatu wa nyumba moja pamoja na kijana wetu wa kutusaidia mizigo, tukiwa na nia mbili. Ya kwanza tuliitangaza kwa majirani: kwenda kumtazama mwanetu aliyejifungua mtoto wa kike huko Bomet, katika nchi ya chai. Ya pili tuliificha. Tulikuwa tumekwisha kumkatia tiketi ya treni ya kurudi pamoja nasi, ili arubaini yake aikalie kwao, mikononi mwa watu wanaojua namna mzazi anavyokandwa, anavyofungwa tumbo na anavyolishwa. Mumewe ni kijana wa Kikipsigis aliyesilimu miaka aliyokuwa akisoma pwani. Twampenda, na adabu yake haina dosari. Lakini mamake si wa dini yetu, nyumba yao iko mlimani, na sisi tulikuwa na hakika, hakika ile ya watu wasiopata kufika mahali, kwamba huko hakuna ajuaye kumlea mzazi.

Reli ilitufikisha Nairobi jioni, tukalala kwa jamaa zetu Eastleigh. Asubuhi tulishika matatu ya kupitia Mai Mahiu na Narok, tukashuka ukingo wa Bonde la Ufa huku tumeshika viti kwa mikono miwili na midomo ikisoma. Narok ni nchi ya ngano na upepo. Ukipita Mulot, mambo hugeuka: udongo huwa mwekundu, hewa huwa baridi, na vilima huanza kufuatana kama mawimbi ya kusi. Baada ya mji wa Bomet tulielekea Silibwet, mji mdogo ambao jina lake ni jina la mti, na hapo chai ikatupokea. Asiyeiona hawezi kuikisia. Michai imekatwa sawasawa kufikia kiuno cha mtu, kilima baada ya kilima, hata mtu akadhani ni mkeka mmoja uliotandikwa na mkono mmoja. Kumbe kila mchai ni mti kamili ambao ukiachwa hurefuka kupita paa la nyumba; ni kuchumwa na kukatwa kila mara kunakoufanya ukae chini.

Nyumba ya wakwe zetu iko juu zaidi, karibu na pale mashamba yanapokoma. Mbele yake kuna mkanda mpana wa chai ya serikali, ule uitwao Nyayo, ulioanza kupandwa katika miaka ya 1980 ili uwe ukuta baina ya watu na msitu. Nyuma ya mkanda huo ndio msitu wa Mau wenyewe, mweusi, umevaa ukungu tangu alfajiri.

Aliyetupokea ni mamake mkwe wetu. Wote pale humwita Kogo, yaani bibi, nasi tukamwita hivyo hivyo. Ni mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache. Kiswahili chake ni cha sokoni na chetu ni cha barazani, lakini tulisikilizana. Tulimsalimu kwa lile neno tulilofundishwa njiani, *chamgei*, akacheka, akaitikia, kisha akatushika mikono mmoja mmoja kwa muda mrefu, kana kwamba anapima tumekuja na baridi kiasi gani. Tulimkuta mwanetu ameketi kitandani, mtoto kifuani, uso umejaa. Alikuwa na siku mbili tangu atoke hospitali. Tulilia kidogo, kama ilivyo ada, halafu tukafungua mizigo: pilipili manga, tangawizi, mafuta ya nazi, samli, leso mpya na ubani.

Usiku huo mvua ilishuka, na haikuwa maji matupu. Ilikuwa mawe. Milima hii ya Kericho na Bomet inajulikana ulimwenguni kuwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi, na mkulima wa chai huiogopa kama nahodha anavyoogopa mwamba, kwa kuwa nusu saa ya mawe hupasua majani ya wiki nzima. Mabati yalilia hata tusisikizane. Umeme ukakatika. Baridi ikaingia kupitia kila tundu, baridi ambayo sisi watu wa bahari hatuna hata neno lake.

Basi tukafanya tulilolijua. Tulikuta jiko la makaa jikoni, tukalijaza, tukalipepea mpaka makaa yakawa mekundu na moshi ukaisha, tukaliingiza chumbani kwa mzazi. Tukafunga dirisha, tukaziba chini ya mlango kwa leso, tukatupia ubani. Chumba kikawa na joto la kwetu. Mtoto akalala. Mmoja wetu alilalamika kwamba kichwa kinamgonga. Tukasema ni safari.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Kogo alisimama kizingitini akiwa amejifunika blanketi. Hakupaza sauti. Aliitupa leso pembeni, akafungua dirisha wazi kabisa ilhali mvua ingali ikinyesha, akalishika lile jiko kwa upindo wa blanketi na kulitoa nje, makaa yakalia yalipokutana na maji. Kisha akarudi, akasema, "Huu moto unaua bila kelele. Hapa kwetu tumezika watu." Akamtoa mtoto kitandani, akamsogeza karibu na dirisha, akamwangalia akipumua.

Mkubwa wetu alikasirika. Yafaa tuliseme hili, kwa kuwa habari hii haitakuwa na ukweli tukilificha. Alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba sisi tumelea wazazi tangu zamani, na kwamba kwetu mzazi hakosi seredani. Kogo hakumjibu. Alikwenda kwenye jiko lake la zamani, lile lililo nje mbali na nyumba, akarudi na chupa mbili za maji ya moto alizozifunga ndani ya sweta kuukuu, akaziweka miguuni mwa mzazi. Akamvua mtoto nguo nzito, akamlaza kifua kwa kifua na mamake, akawafunika wote wawili kwa ngozi ya kondoo na blanketi. Akaondoka.

Kulipokucha ndipo tulipokaa na kufikiri. Seredani ya kwetu hukaa katika nyumba yenye madirisha yasiyofungwa, yenye ua, yenye upepo wa bahari unaopita mchana na usiku. Chumba kile tulikuwa tumekiziba kama chungu. Makaa yasiyotoa moshi bado hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Huishika damu mahali pa oksijeni, mtu akaumwa kichwa, akalegea, akasinzia, asiamke. Ule ubani wetu wala haukusaidia kitu; pengine ulitupumbaza zaidi kwa kutufanya tudhani hewa ni njema. Na katika Bukhari na Muslim tumesoma sisi sote, tangu vyuoni, kwamba Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alipopewa habari ya nyumba ya Madina iliyoungua usiku pamoja na wenyewe, aliusia moto uzimwe watu wanapolala. Tulikuwa tukiijua hadithi. Aliyeitenda usiku ule ni mwanamke asiyepata kuisoma.

Asubuhi hiyo ikaja na shida yake. Mzazi alihitaji maji ya kukandwa, na hapakuwa na moto. Mtungi wa gesi ulikuwa umekwisha. Visanduku viwili vya kiberiti vilivyoachwa dirishani vilikuwa vimelowa hata vijiti vikavunjika kama ugali. Kijana wetu alitumwa dukani, chini ya kilima, na njia ilikuwa tope tupu. Saa nzima ikapita hajarudi. Tulisimama kwenye mlango wa jiko la nje tukiwa na sufuria ya maji baridi, hatuna la kufanya, wala hatukuwa na uso wa kumwuliza Kogo.

Yeye alikuwa amechutama kwenye mafiga. Majivu yalikuwa meupe, hayana hata cheche. Akayafukua kwa kijiti, taratibu, akatoa kitu kilichofungwa kwa jani kavu la mgomba. Ndani yake kulikuwa na kipande kama nusu ya kisahani kizito: cheusi juu, na rangi ya haluwa pale kilipokatwa. Pembeni kilikuwa na duara dogo la jivu. Akalikung'uta jivu hilo kwa kidole, akavuvia mara moja, na ndani yake pakafunguka jicho jekundu.

Hakuna aliyesema neno. Aliliweka jicho hilo juu ya tonge la maganda ya mtarakwa yaliyosuguliwa mikononi mpaka yakawa kama usufi, akalikunja, akavuvia kwa pumzi ndefu, si kwa nguvu, bali kwa subira, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Moshi ukawa mzito, ukawa mweupe, kisha pakatoka mwale. Vijiti vyembamba, halafu kuni, halafu sufuria yetu. Maji yalichemka kabla kijana hajapanda kilima. Alipofika na kiberiti chake kikavu tulimwambia akiweke mfukoni.

Kile kipande kilikuwa uyoga. Si uyoga wa kula ule laini unaochipuka baada ya mvua, bali ule mgumu unaoota ubavuni mwa miti mizee na magogo, umetokeza nje kama rafu ya ukutani. Kogo alituonyesha akiba yake juu ya uchaga, pale moshi unapopita kila siku: vipande kama kumi, vyepesi kama kilifu cha mnazi, vikavu hata ukivigonga vinalia. Akakipasua kimoja. Ganda la juu ni gumu kama ukucha. Tabaka la chini limejaa vitundu vidogo mno, ambamo uyoga hutolea mbegu zake. Na baina ya hayo mawili kuna nyama kavu, laini kwa kugusa, inayofanana na ngozi iliyopigwa. Nyama hiyo ndiyo inayoshika moto. Nyuzi zake ni nyembamba sana na baina yake kuna hewa, kwa hiyo cheche ikiingia haipati nafasi ya kuwaka mwale, wala haipati sababu ya kuzima. Hutambaa. Kipande cha ukubwa wa kiganja, kikifukiwa vizuri katika jivu, hukaa na moto tangu isha mpaka alfajiri.

Tulimwuliza kama aliujua ufundi huo kwa mamake. Alisema upande wa mamake ni Waogiek, watu wa msituni, na babu yake alikuwa mrina asali. Mrina asali hana budi kuwa na moshi wa kuwatuliza nyuki, na hawezi kupanda mti na kinga cha moto kinachowaka. Huchukua kitu kinachofuka bila kuwaka, akakipulizia mzingani. Uyoga huo ndio alioutumia babu yake. Kuhusu kupekecha moto, alisema hiyo ilikuwa kazi ya wanaume, kijiti kigumu kikizungushwa baina ya viganja juu ya ubao mwororo mpaka unga wake ukaiva na kuwa kaa. "Mwanamume anajua kutafuta moto," alisema. "Mwanamke kazi yake ni kuona usitafutwe." Moto kwa lugha yao ni *maat*. Alisema zamani mwanamke ambaye *maat* yake imezima alfajiri aliona aibu kwenda kwa jirani, ingawa jirani hakumnyima.

Hapo mkubwa wetu, ambaye tangu usiku hakuwa amesema na Kogo ila kwa salamu, alifungua kinywa. Alisema kwetu pia palikuwa na majina: ulindi ndicho kijiti kinachopekecha, na uwimbombo ndio ubao wa chini. Kijana wetu hakupata kuyasikia maneno hayo maishani mwake, naye ni mtoto wa Kizingo. Akaendelea kusema kwamba bibi yake mzaa mama alimtuma kupalia moto kwa jirani na kipande cha kumbi la nazi, kwa sababu kumbi nalo hufuka polepole na halimwunguzi mtoto mkono. Na kwamba anayepalia moto hakukawia kuzungumza, maana kaa halingoji porojo. Kogo alicheka kwa mara ya pili tangu tufike. Wakawa wawili wanazungumza habari za jivu, lipi ni jepesi, lipi huzima moto haraka, na sisi wengine tukawa wasikilizaji.

Sisi tulio wadogo kidogo tuna vitabu, na tulikumbuka jambo moja la kuwaongezea. Mwaka 1991 maiti ya mtu wa kale ilionekana kwenye barafu ya milima ya Alpi, mpakani mwa Italia na Austria, imehifadhika kwa zaidi ya miaka 5,000. Katika mkoba wake mlikuwa na uyoga wa namna hii hii umekwaruzwa ukawa kama pamba, na ndani yake mabaki ya jiwe la kutolea cheche. Tena alikuwa na chombo cha gome la mti, na ndani ya chombo vipande vya makaa pamoja na majani mabichi, ambavyo wataalamu wanaona vilikuwa vya kusafirishia moto. Kogo alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Alikufa kwa baridi?" Tukamwambia hapana, alipigwa mshale. Akatikisa kichwa. Hilo lilimwelea zaidi.

Sala ya adhuhuri tuliisali chumbani kwa mzazi, na baada yake mmoja wetu akafungua msahafu kutafuta aya zilizokuwa zikimzunguka kichwani tangu asubuhi. Ziko katika Surat al-Waaqi'a, aya ya 71 mpaka 73, pale Mola anapowauliza waja kuhusu moto wanaouwasha: ni wao waliouumba mti wake, au ni Yeye? Kisha akautaja kuwa ukumbusho, na kuwa ni manufaa kwa wasafiri wa nyikani. Katika Surat Yaasin, aya ya 80, umetajwa mti mbichi unaotoa moto, na wafasiri wameeleza miti miwili ya Arabuni, markh na afaar, ambayo Waarabu walikata matawi yake yangali na unyevu, wakayasugua, moto ukatoka. Aya hizo tumezisoma mara nyingi, katika hitima na katika Ramadhani, na kwa wengi wetu mti wa moto ulikuwa jambo la mbali. Na Nabii Musa, alayhi salaam, alipouona moto upande wa mlima, alikuwa safarini na watu wake. Baadhi ya wafasiri husimulia kwamba ulikuwa usiku wa baridi, mkewe akishikwa na uchungu, na vifaa vyake vya kuwashia vilikuwa vimekataa kutoa cheche. Mwanetu aliyasikiliza hayo akimnyonyesha mtoto, akasema, "Basi hata yeye kiberiti kililowa." Tulimkemea, kisha tukacheka.

Siku ya nne jua lilitoka, na Kogo akatuchukua kuuona mti. Tulipita katika njia nyembamba kando ya mkanda wa chai, tukavuka kijito kinachokwenda kumwagia maji mto Nyangores, ambao ni mmoja wa mito miwili inayouzaa mto Mara. Maji haya haya, alituambia mkwe wetu, ndiyo ambayo nyumbu wa kwenye picha huyavuka. Mau yote ni kiasi cha hekta 400,000, na mito yake hufika Ziwa Viktoria, Ziwa Nakuru na hata Ziwa Natron, upande wa Tanzania. Sisi tulikuwa tukisikia "chemchemi ya maji ya nchi" katika habari za redio tukadhani ni maneno ya wanasiasa.

Ukingoni kulikuwa na mikaratusi mingi, mirefu, imesimama safu kama askari. Hiyo ni kuni ya viwanda. Watu wengi wa pwani hawajui kwamba majani ya chai hukaushwa kwa hewa ya moto, na kwamba viwanda vingi huipata hewa hiyo kwa kuchoma kuni katika matangi makubwa ya mvuke. Kila kikombe tunachokunywa na mahamri kimepitia kuni za mti kama ule. Lakini chini ya mikaratusi Kogo hakutafuta kitu. Uyoga wake hautaki mti wa kukatwa ungali kijana. Wataka mti uliozeeka, ukaanza kufa kwa utaratibu wake, ukaachwa usimame, ukaanguka, ukaachwa ulale. Alituonyesha gogo moja tu, la mti wa kienyeji, mbele ya mpaka. Lilikuwa na nyoga tatu. Alichukua moja, mbili akaziacha.

Tulimwuliza kwa nini haingii ndani zaidi. Alinyosha mkono kuonyesha msitu, akasema huko sasa huingia wenye ruhusa. Mjombake alitolewa. Habari ya Waogiek wa Mau imefika mbali: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa hukumu tarehe 26 Mei 2017 kwamba serikali ya Kenya ilivunja haki zao kwa kuwaondoa katika ardhi ya wazee wao, na mwezi wa Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia na watambuliwe ardhi yao. Hata baada ya hukumu hiyo, mwishoni mwa 2023, nyumba zilibomolewa tena. Serikali yasema inaulinda msitu, na msitu kweli umeliwa, tena na watu wakubwa kuliko warina asali. Sisi si mahakimu. Tuliona tu bibi mmoja akisimama mbele ya msitu ambao babu yake aliujua mti kwa mti, akihesabu nyoga tatu kwenye gogo.

Kuhusu Kericho hatutasema mengi, kwa kuwa tulikwenda kwa haja moja, kununua mbuzi wa akika, tukarudi siku hiyo hiyo. Mji ni safi, mvua yake ni ya mchana kama deni la mshahara, na msikiti wake wa Jamia ulitupa nafasi njema ya kusali. Pale ndipo tulipoona mashamba makubwa, yale ya makampuni ya Kiingereza yaliyoanza katika miaka ya 1920 juu ya ardhi iliyotwaliwa. Ukoo wa Talai ulihamishwa mzima mwaka 1934, ukapelekwa Gwassi, kando ya ziwa, kwenye joto na mbung'o. Wenyeji husimulia habari hiyo mpaka leo kama iliyotokea juzi. Ukipita kwa gari na kuyatazama yale mashamba, ni mazuri mno. Ni vigumu kuyatazama kwa macho mawili kwa wakati mmoja.

Siku ya saba ya mtoto tulifanya akika. Mbuzi mmoja, kwa kuwa ni wa kike. Mzee mmoja wa jamaa ya msikiti alikuja kuchinja, mtoto akanyolewa, nywele zikapimwa, sadaka ikatolewa. Majirani wa Kikipsigis walikuja na maziwa katika vibuyu, ule *mursik* wao unaogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti uitwao senetwet, hata maziwa yakawa na mishipa ya rangi ya mawingu. Wengine wetu walimaliza kikombe, wengine wakashukuru kwa adabu. Pilau tuliipika sisi, kwenye mafiga ya Kogo, kwa moto wake. Asubuhi hiyo mkubwa wetu ndiye aliyefukua jivu. Kogo alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, hakuingilia. Mara ya kwanza alivuvia kwa haraka na majivu yakamrukia usoni; mara ya pili jicho likafunguka.

Usiku, baada ya wageni kuondoka, ndipo ile nia yetu ya pili ilipotoka. Mwanetu alikuwa anaijua tangu siku ya kwanza. Tiketi huonekana kwenye simu, na simu ya mkubwa wetu haina siri. Hakulia wala hakubishana. Alisema tu kwamba usiku ule wa mvua, kabla mlango haujafunguliwa, alikuwa ameanza kusinzia usingizi mzito, na alitaka kutwambia kwamba mkono wake hausikii mtoto, akashindwa kusema. Hakupata kututajia hilo kwa siku zote hizo. Alikuwa akituhifadhia nyuso zetu.

Mkubwa wetu aliinuka akatoka nje. Tulidhani amekasirika tena. Tulipomfuata tulimkuta katika jiko la nje pamoja na Kogo, wamekaa kwenye vigoda, yeye akimweleza namna ya kumkanda mzazi mgongo kwa kitambaa na maji ya moto, kuanzia kiunoni kupanda juu, na namna ya kumfunga tumbo kwa leso bila kumbana pumzi. Na Kogo, aliyezaa saba, akimwonyesha kwa mkono pale ambapo yeye angeanzia. Pilipili manga yote, samli yote na leso zote za kufungia tulimwachia. Tiketi ya mwanetu tuliifuta njiani, Narok, mtandao ulipopatikana. Nusu ya nauli haikurudi.

Kwa mama atakayependa kujaribu ufundi huu, tuyaseme machache tuliyohakikisha kwa macho. Uyoga huo si wa kuliwa, na watoto wasiachwe kuuchezea. Ni lazima ukauke kabisa, wiki nyingi juu ya moshi au juani. Ukibaki na unyevu kidogo hufuka kisha ukafa. Haufukiwi katika jiko la ndani ya chumba cha kulala, kwa sababu ile ile ya makaa. Na kwa kuwa hauwaki, huweza kudanganya kwamba umezima: usitupwe kwenye taka wala kuwekwa juu ya meza, bali uzamishwe majini mpaka ulowe wote.

Kogo alitupa vipande viwili, vimefungwa kwa gazeti, tukaviweka kwenye kapu juu ya mahindi. Mombasa ina hewa ya chumvi, na kimoja kimekwisha kulegea kama biskuti iliyoachwa wazi. Cha pili tunakihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na mchele wa kukikausha. Ijumaa iliyopita mkubwa wetu alikigusisha kaa la chetezo uani, akakifukia katika jivu baada ya isha, akaamka mara mbili kukiangalia. Alfajiri, aliporudi kutoka kuswali, alipiga simu Bomet kabla hajakifukua. Kogo ndiye aliyepokea. Tulimsikia akimwuliza, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeiamini simu, jivu alilotumia ni la mti gani.